Jinsi ya kufikisha kero ya mtaa wenu kwenye kamati za halmashauri ya jiji

Barua iliyokaa kwa Mkurugenzi wa Jiji miezi mitatu bila jibu mara nyingi haijakataliwa. Iko masijala, au imeandikiwa maelekezo pembeni ikateremshwa idarani, na huko hakuna kikao kinachoisubiri. Wanaouliza kuhusu taka, masoko, vibanda na ushuru karibu wote wamekwama hapo. Wameandika vizuri, ila wamepeleka mahali pasipo na kikao, tena ajenda zikiwa zimeshafungwa.

Mwongozo huu ni wa majiji ya Tanzania Bara: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Unafaa pia kwa manispaa, maana zote ziko chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Kwenye halmashauri za wilaya sheria ni Sura ya 287, majina ya kamati yanatofautiana kidogo na badala ya mtaa kuna kijiji, lakini mwendo wa karatasi ni ule ule. Mfano wangu utakuwa wa taka zisizozolewa, kwa kuwa ndiyo kero inayoulizwa zaidi.

## Andaa hivi kwanza

- Kaunta buku moja ya kumbukumbu. Kila mnapokwenda ofisini andikeni tarehe, ofisi, cheo cha mliyeonana naye na alichosema.
- Picha zenye tarehe, za eneo lile lile kwa siku tofauti.
- Stakabadhi za ada mliyolipa, kama jambo lenyewe lina malipo.
- Nakala ya sheria ndogo inayohusika, ikiwa na namba ya Tangazo la Serikali. Iombeni kwa mwanasheria wa halmashauri au kwa Mtendaji wa Kata.
- Ratiba ya vikao vya robo mwaka. Diwani anayo, na ofisi ya Mkurugenzi inayo.
- Watu watatu wa kufuatilia. Mmoja akisafiri au akichoka, faili lisife naye.

Hakuna ada ya kuwasilisha kero. Ukidaiwa pesa ya kupokelewa barua, uliza kontro namba. Isipokuwepo, usilipe.

## Hatua ya 1: Hakikisha jambo ni la halmashauri

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima. Jiji lina mambo yake na lina mambo ambayo watu wanayadhania kuwa yake.

Ya halmashauri: kuzoa taka na usafi wa mazingira, masoko, stendi, machinjio, vibali vya ujenzi, leseni za biashara, zahanati na vituo vya afya vya serikali, shule za msingi na sekondari za serikali, maeneo ya wafanyabiashara wadogo, na ushuru uliomo kwenye sheria ndogo zake.

Yasiyo ya halmashauri: maji ni ya mamlaka ya maji ya eneo lenu (Dar es Salaam ni DAWASA), umeme ni wa TANESCO, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani na mifereji yake ziko TARURA, wakala iliyoanzishwa mwaka 2017. 

TARURA inahitaji ufafanuzi kidogo. Meneja wake hawajibiki kwa Mkurugenzi wa Jiji, lakini taarifa za kazi zake huletwa mbele ya madiwani. Kama tatizo ni kalavati lililoziba, barua iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa diwani, ili siku taarifa hiyo inapojadiliwa awe na la kuuliza.

Mmefaulu kama mnaweza kutaja idara moja ndani ya halmashauri inayobeba jambo lenu. Kwa taka ni idara au kitengo cha usafi na udhibiti wa taka. Mkishindwa kuitaja, msiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Geuzeni malalamiko kuwa ombi moja

Kamati haiwezi kupitisha "hali ni mbaya". Inapitisha kitu kinachoweza kuandikwa kama azimio. Amueni kwanza ombi lenu ni la aina gani kati ya hizi tatu.

Kutekeleza sheria au mkataba uliopo. Mkandarasi wa taka anatakiwa kupita mara fulani kwa wiki, hapiti. Hili ndilo jepesi kuliko yote, halihitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Anzeni nalo kila inapowezekana.

Kuomba fedha. Kizimba kipya cha taka, matundu ya vyoo sokoni, taa. Hili linafuata mzunguko wa bajeti, nimeueleza kwenye hatua ya 5.

Kubadili sheria ndogo. Ada ni kubwa, au eneo la biashara limezuiwa. Hili ni refu. Kamati haina uwezo wa kuifuta sheria ndogo Jumanne mkaanza kufaidi Jumatano, kwa sababu mabadiliko lazima yapite Baraza la Madiwani, yaidhinishwe na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, yachapishwe kwenye Gazeti la Serikali.

Kuna kichochoro kizuri hapa. Kabla ya kuomba sheria ibadilishwe, someni jedwali lililo nyuma ya sheria ndogo, ndiko viwango vya pesa vilipo. Mara nyingine kinachotozwa mtaani hakimo kwenye jedwali, au kimezidi kilichoandikwa. Hapo si suala la kubadili sheria tena, limerudi kwenye aina ya kwanza, na linaweza kwisha ndani ya robo moja.

Tahadhari: msichanganye taka, maji, ulinzi na shule kwenye barua moja. Barua yenye mambo manne haina idara, na isiyo na idara haina wa kuijibu.

## Hatua ya 3: Pitisheni hoja kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Barua ya wakazi kumi ni barua ya watu kumi. Muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini ya Mwenyekiti, saini ya Mtendaji wa Mtaa na muhuri ni waraka wa serikali ya mtaa. Ofisa wa jiji anaweza kuiweka barua kando. Muhtasari una namba ya kumbukumbu, na kesho utatajwa kwenye kikao kingine.

Nendeni kwa Mwenyekiti wa Mtaa mkiwa wawili au watatu, si kundi. Mwambieni mnaomba jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao wa wakazi. Msimjie kana kwamba mnamshitaki. Mara nyingi naye analilia jambo hilo hilo na anashukuru kupata wenzake. Kama mkutano haujaitishwa siku nyingi, ombeni kwa maandishi uitishwe, nakala kwa Mtendaji wa Kata.

Siku ya mkutano, hakikisheni mambo haya yameandikwa:

1. Tarehe, mahali na orodha ya mahudhurio yenye majina na saini. Orodha ambayo saini zote zina mwandiko mmoja huharibu waraka mzima, na watumishi wa jiji wameziona nyingi.
2. Maelezo mafupi ya tatizo: wapi, tangu lini, mara ngapi.
3. Azimio lenye kitenzi, mhusika na muda.

Azimio zuri huwa hivi:

> "Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri ya Jiji, kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, imsimamie mkandarasi wa taka katika Mtaa wa ______ apite kwa idadi ya siku iliyomo kwenye mkataba wake, na taarifa ya utekelezaji iletwe kwa wakazi kabla ya mwisho wa robo hii."

Azimio baya: "Wananchi walilalamika sana kuhusu taka, Mwenyekiti akaahidi kulishughulikia." Hilo limekufa kabla wino haujakauka.

Tahadhari: msiandike ndani ya muhtasari kwamba fulani amekula pesa. Tuhuma za rushwa zina mlango wake, TAKUKURU, na zina namna yake ya kuthibitishwa. Mkiziingiza humu, kikao kitageuka mabishano ya jina la mtu, na taka zitabaki pale pale.

Mmefaulu kama mna nakala yenye saini mbili na muhuri mkononi. Muhtasari uliobaki ndani ya kompyuta ya ofisi ya mtaa hauna faida kwenu.

## Hatua ya 4: Pelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata

Kamati hii wengi wanaiita WDC au KAMAKA. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ya kata hiyo ni wajumbe. Maana yake Mwenyekiti wenu anaingia kikaoni kwa haki yake, hahitaji kualikwa.

Mpelekeeni Mtendaji wa Kata barua fupi ya ukurasa mmoja, mkiambatisha muhtasari na picha. Hapa msaada mkubwa ni mitaa jirani. Kama mitaa miwili mitatu ina mkandarasi yule yule na tatizo lile lile, wenyeviti wao wakisema kwa sauti moja, hoja inapanda kutoka kero ya mtaa kuwa hoja ya kata. Diwani hawezi kukaa kimya juu ya hoja ya kata, kwa sababu kila robo anawasilisha taarifa ya kata yake mbele ya Baraza.

Mmefaulu kama Mtendaji wa Kata amewaonyesha mstari wa muhtasari wa KAMAKA uliotaja mtaa wenu na azimio lenu. Ombeni kusoma mstari wenyewe. Maneno "tayari tumelijadili" hayawatoshi.

## Hatua ya 5: Fikeni idarani kabla ajenda haijafungwa

Hiki ndicho kitu ambacho hakisemwi hadharani, na bila kukijua mtazunguka. Kamati za madiwani hazijadili barua zilizorundikwa mezani. Zinajadili taarifa zilizoandaliwa na wakuu wa idara. Taarifa hizo hupita kwanza kwenye timu ya menejimenti, inayojulikana kwa kifupi CMT, ambako Mkurugenzi na wakuu wa idara huzipitia. Zikitoka hapo ndipo huenda kwenye kamati ya kudumu, na mwisho Baraza la Madiwani.

Kwa hiyo mlango wa kweli ni taarifa ya mkuu wa idara. Jambo lenu likiwemo, litasomwa. Lisipokuwemo, diwani atalazimika kulichomeka mwisho wa kikao, watu wameshaanza kutazama saa.

Hesabuni hivi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Robo zinaishia Septemba, Desemba, Machi na Juni. Vikao vya kujadili kila robo kwa kawaida hufanyika ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya robo kuisha. Karatasi zenu zinatakiwa kuwa idarani kabla robo haijaisha. Mkileta wiki ya kikao, mmeleta kwa ajili ya robo inayofuata, hata kama mtapokelewa kwa tabasamu.

Kwa maombi ya fedha kalenda ni nyingine. Mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, na Baraza kwa kawaida hupitisha mapendekezo ya bajeti kati ya Januari na Machi, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Ombi la kizimba kipya lililofika mwezi Mei litaambiwa "tumelipokea, litazingatiwa mwaka ujao wa fedha", na safari hiyo jibu hilo ni la haki.

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, si kwa mkuu wa idara moja kwa moja, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata. Mstari wa "YAH:" utaje jambo, mtaa na kata. Ambatisheni muhtasari wa mtaa, muhtasari wa KAMAKA, picha tatu au nne, stakabadhi. Peleka nakala mbili masijala, moja irudi kwenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha, baada ya siku chache, nendeni idarani mkaulize barua imefikia meza gani. Salimieni, jitambulisheni, tajeni tarehe ya muhuri. Maofisa wengi hawana ubaya. Wana mafaili mengi, na la kwenu likiwa limenyooka wanalitanguliza kwa sababu ni rahisi kuliingiza kwenye taarifa.

Tahadhari: msianze na Mkuu wa Wilaya. Anaweza kuja na magari, akatoa agizo mbele ya kamera, taka zikazolewa siku hiyo. Wiki ya tatu mmerudi mlikokuwa, kwa sababu agizo halikugusa mkataba wala bajeti. Mlango huo upo, ila uwe wa baadaye, mkiwa na karatasi zinazoonyesha mlikopita.

## Hatua ya 6: Ijueni kamati yenu na mjumbe wake

Halmashauri za miji zina kamati za kudumu chache, na kwa mkazi wa kawaida zinazomhusu ni hizi:

- Kamati ya Mipango Miji na Mazingira: taka, ramani za mji, vibali vya ujenzi, maeneo ya wazi.
- Kamati ya uchumi na huduma za jamii (jina kamili hutofautiana, lina maneno kama Uchumi, Afya na Elimu): shule, zahanati, masoko, biashara ndogo.
- Kamati ya Fedha na Uongozi: mapato, matumizi, mikataba, na mambo ya kamati nyingine yanayohitaji pesa. Mwenyekiti wake ni Meya.

Zipo pia Kamati ya Kudhibiti UKIMWI na Kamati ya Maadili. Hiyo ya Maadili inahusu mwenendo wa madiwani. Msiipelekee habari za taka.

Diwani wenu si lazima awe mjumbe wa kamati inayohusika. Muulizeni: "Mheshimiwa, kwenye Mipango Miji na Mazingira yupo nani kutoka kata za jirani?" Kama hayumo, atafute mwenzake aliyemo, au madiwani wa viti maalumu waliomo. Mpeni ukurasa mmoja tu wa kushika mkononi: tatizo, azimio, tarehe za barua, swali moja la kuuliza. Diwani akipewa bahasha ya kurasa thelathini asubuhi ya kikao ataishikilia vizuri sana bila kuifungua.

Vikao vya kamati kwa kawaida havina viti vya wananchi. Msivamie mlango. Badala yake ombeni, kupitia kwa diwani, eneo lenu liingizwe kwenye ziara ya kamati. Kamati hukagua miradi na huduma kabla ya kujadili taarifa. Madiwani wakishakanyaga maji ya taka kwa viatu vyao, mjadala wa ofisini huwa mfupi.

## Hatua ya 7: Hudhurieni Baraza la Madiwani

Mkutano wa Baraza ni wa wazi. Mnaruhusiwa kuingia na kusikiliza, hamruhusiwi kusema. Nendeni wachache, simu zikiwa kimya, na kaunta buku lenu.

Mara nyingi siku ya kwanza ni ya taarifa za kata na siku ya pili ni ya taarifa za kamati. Mnachosikiliza ni mambo mawili tu: kama jambo lenu limetajwa, na kama limewekewa azimio au limeachwa kwenye "tumelipokea". Diwani anaweza pia kupeleka swali la maandishi mapema kwa utaratibu wa kanuni za kudumu za halmashauri yenu. Swali la maandishi lina faida yake, maana jibu linaingia kwenye kumbukumbu na Mkurugenzi hawezi kulikana robo ijayo.

## Hatua ya 8: Daini utekelezaji

Baraza likishaazimia, kazi inarudi idarani, na hapo ndipo maazimio mengi husinzia. Andikeni barua fupi mkinukuu azimio na tarehe ya kikao, mkiuliza limefikia wapi.

Mkinyimwa maelezo, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaomba taarifa kwa maandishi, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni kitu mahususi, kwa mfano ratiba ya uzoaji iliyomo kwenye mkataba wa mkandarasi wa kata yenu. Ombi la "taarifa zote za taka" litapata jibu la jumla hivyo hivyo. Kwa kero ndogo zinazojirudia, mfumo wa serikali wa e-Mrejesho nao unatoa kumbukumbu ya kufuatilia, ila hauchukui nafasi ya muhtasari wa mtaa.

Mmefaulu kama gari linapita siku zilizoandikwa kwa robo nzima. Likipita wiki mbili za mwanzo, msifunge faili bado.

## Kama ni sheria ndogo mpya inayokuja

Hapa mwendo ni tofauti, na wakati ndio kila kitu. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo, inaandaa rasimu na kutoa tangazo ili wananchi watoe maoni au mapingamizi. Tangazo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa, mahali ambapo hapasomwi na mtu hadi siku ya mwisho ipite. Mtu mmoja wa kikundi chenu apewe kazi ya kupita kwenye ubao huo mara kwa mara.

Maoni yaandikwe kwa kifungu. "Tunapinga ushuru huu" ni kelele. Andikeni kifungu cha ngapi, kiwango gani kwenye jedwali, kinamgusa nani, na mnapendekeza kiwango gani kwa hesabu ipi. Mama anayeuza mchicha wa meza moja na duka la jumla wakitozwa sawa, weka mapato ya siku ya meza ile kwenye karatasi, hoja itasimama yenyewe. Toeni nakala kwa diwani na kwa mwanasheria wa halmashauri, ambaye ndiye anayeandika rasimu.

Sheria ndogo ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, bado kuna Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo, inayochambua kama zinaendana na Katiba na sheria mama. Mwandikieni mbunge wenu mkionyesha kifungu chenye kasoro. Na kama mnatozwa kwa rasimu ambayo haijachapishwa, ombeni kwa maandishi namba ya Tangazo la Serikali. Pasipo namba hiyo, hakuna sheria ndogo ya kuwatoza.